Daftari na Vazi Lake: Mjadala wa Baraza la Nkoma

Katika mtaa wa Nkoma mjini Mbale, saa ile ambayo jabali la Wanale hupokea mwanga wa mwisho wa jua na vijana wa bodaboda huanza kuwasha taa zao, ipo baraza moja ya saruji ambapo wazee, walimu na makarani hukutana baada ya sala ya magharibi, wakanywa kahawa ya mlima wao wenyewe na kuzungumza mambo ya dunia kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja ni Mgisu, wa pili Mnubi, wa tatu Msoga aliyekulia Jinja, na lugha ya kuwakutanisha bila ya kumpendelea yeyote ni hiyo moja. Mimi mwandishi nilikaribishwa hapo mwishoni mwa muhula, nikidhani nitasikiliza habari za siasa au za mpira. Walakini jioni ile mazungumzo yalitekwa na bunda la karatasi.

Bunda lile lilikuwa la ripoti za wanafunzi, na aliyelibwaga juu ya mkeka alikuwa Mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari, mtu mpole kwa tabia lakini aliyekuwa amekosa usingizi siku tatu. Waliokuwapo ni Karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Mzee Mpiga Chapa, ambaye ujana wake wote aliuteketeza, kama asemavyo mwenyewe kwa fahari, katika matbaa za Jinja. Mhadhiri wa hisabati. Sheikh wa madrasa. Na Kijana mmoja wa programu, mjukuu wa mwenye nyumba, aliyekaa ngazini na kompyuta mapajani. Maneno yao nimeyaandika kwa kadiri nilivyoyakumbuka, nikayapunguza pale waliposema wote kwa pamoja.

MWALIMU: Jamaa zangu, tazameni aibu hii kabla hamjanipa pole. Mji wetu, pamoja na Jinja na miji mingine mitano, ulipandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Lakini ripoti za Senior ya pili bado zinasema juu kabisa kwamba tuko katika manispaa, na za Senior ya tatu zinasema tuko katika jiji, kana kwamba mtoto akipanda darasa huhamia mji mwingine. Sababu ni kwamba kila mwalimu wa darasa ana faili lake, na katika kila faili kichwa cha barua kimeandikwa upya. Alama ziko katika majedwali ya Excel, ripoti iko katika Word, na ile njia ya kuviunganisha viwili hivyo ni nyepesi mno mpaka siku inapokataa. Namba za simu za wazazi zimepoteza sifuri ya mbele. Tarehe ya kufungua shule imepinduka, mwezi ukakaa mahali pa siku. Na msichana mmoja ambaye hakufanya mtihani wa kemia kwa kuwa alilazwa hospitalini amepewa alama sifuri, baba yake akaja ofisini akitetemeka kwa hasira, na mimi sikuwa na la kumjibu.

MHADHIRI: Usijilaumu kupita kiasi, Mwalimu. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kuyabadilisha baadhi ya majina hayo, kwa sababu Excel ilikuwa ikikutana na SEPT1 au MARCH1 ikadhani ni tarehe, ikaandika siku na mwezi mahali pa jeni, na makosa hayo yakapenya katika makala za kitaalamu kwa miaka mingi. Wanazuoni wa dunia nzima hawakuweza kuigeuza tabia ya programu, wakaona ni nafuu kugeuza majina.

KARANI: Kwa hiyo hata mimi nimefarijika, maana mizigo yangu ya kahawa niliyoiandika 3-5 na 4-6 imekuwa siku za Mei na Juni.

Walicheka, na kicheko kile kiliondoa uzito uliokuwa kifuani mwa Mwalimu; ndipo Kijana, ambaye kwa adabu alikuwa akingoja wakubwa wamalize, akaomba ruhusa.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Naona Mwalimu amechanganya vitu viwili ambavyo haifai vilale kitanda kimoja. Kuna daftari, yaani majina, alama, namba na tarehe. Na kuna vazi la daftari, yaani kichwa cha barua, mistari, upana wa safu, mahali pa muhuri na mahali pa sahihi. Vazi hilo sisi tunaliita kiolezo. Daftari likae peke yake katika faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa mwanafunzi mmoja, mikato ikitenga safu. Kiolezo kikae peke yake, kimoja tu kwa shule nzima. Na programu ndogo iwe mshenga, ichukue mstari, iuvike vazi, itoe ripoti, kisha irudi kwa mstari wa pili. Mji ukibadilika jina, unagusa mahali pamoja. Nami kwa kiolezo hicho ningetumia lugha ile ile ya kurasa za intaneti, HTML pamoja na CSS yake, kisha kivinjari kikaigeuza kuwa PDF, kwa sababu kila kijana anayejifunza kompyuta katika jiji hili huanza kwa lugha hiyo.

MPIGA CHAPA: Mjukuu wangu, unatuletea habari ya juzi ukaiita ya leo. Hicho unachokiita kiolezo sisi tulikiita kalibu. Nilipokuwa kijana Jinja, viwanda vilikuwa vimeota kando ya Mto Nile kwa nguvu ya umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kila kiwanda kilitaka ankara, stakabadhi na kadi za mahudhurio. Hatukupanga herufi za risasi upya kila siku! Tulipanga jina la kiwanda, mistari na maneno yasiyobadilika, tukayakaza ndani ya fremu ya chuma kwa vipande vya mbao na funguo, tukaiweka fremu rafuni. Agizo likija tunaishusha, tunabadilisha kinachobadilika, tunapiga chapa. Aliyeivunja fremu bila ya ruhusa alikatwa mshahara. Kwa hiyo katika hilo la kutenga daftari na kalibu sina ubishi nawe. Ubishi wangu uko katika swali ambalo hakuna aliyeliuliza hapa, nalo ni hili: kalibu ikivunjika na wewe uko Kampala, nani ataitengeneza?

Swali hili lilianguka katikati ya mkeka na halikuokotwa kwa muda, kwa kuwa Mhadhiri alikuwa na hoja yake tayari na mtu mwenye hoja tayari huwa hasikii vizuri.

MHADHIRI: Mimi nawaletea chombo kisichovunjika. Mzee ataifurahia asili yake. Mwaka 1977 mwanazuoni wa Marekani aitwaye Donald Knuth aliletewa prufu za toleo jipya la mojawapo ya vitabu vyake vya sayansi ya kompyuta. Toleo la kwanza lilikuwa limechapwa kwa herufi za risasi, lakini wachapaji walikuwa wameiacha risasi na kushika upangaji wa herufi kwa picha, na kurasa zikamchukiza hata akaacha kuandika kitabu ili aunde programu ya kupanga herufi kwa namna itakayostahili hisabati yake.

MPIGA CHAPA: Huyo ni mtu mwenye macho.

MHADHIRI: Programu hiyo ni TeX. Haitazami mstari mmoja mmoja. Huitazama aya nzima, ikapima mahali pote panapoweza kukatwa, ikachagua ugawaji wenye dosari chache. Miaka ya 1980 Leslie Lamport akaivika LaTeX, ambayo ndiyo tuitumiayo vyuoni. Haiuzwi; ni bure. Na tazameni uthabiti wake: kila Knuth anaposahihisha kosa, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai, mwaka 2021 ilifika 3.141592653, na mwenyewe ameagiza kwamba akifa namba iwe pai kamili na pasiguswe tena. Hati niliyoiandika nikiwa mwanafunzi naichapa leo, nayo inatoka vile vile. Ni programu gani nyingine itakayokupa ahadi ya namna hiyo?

KIJANA: Ahadi ni nzuri, Mhadhiri, na mimi LaTeX naiheshimu; lakini mpe karani wa shule jina la mzazi lenye alama ya &, kama vile duka la baba na wanawe, au asilimia ya mahudhurio yenye alama yake, nayo itasimama katikati ya kazi au imeze nusu ya mstari bila ya kusema neno, kwa kuwa alama hizo kwake ni amri. Na inapolalamika, hulalamika kwa lugha ambayo hata wewe, kwa ukweli wako, huinakili ukaitafuta intaneti.

MHADHIRI: Hilo nakiri. Lakini programu yako ndogo ile ya ushenga inaweza kuzitahiri alama hizo kabla hazijafika.

KIJANA: Inaweza, kama aliyeiandika alikumbuka zote.

Karani wa chama alikuwa amesubiri kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja bei ya kahawa, na zamu yake ilipofika aliishika bila ya kuiachia. Nami nitakaa kwake kidogo, maana mambo aliyoyataja ndiyo yaliyo mazito zaidi katika bunda zima la mjadala huu, hata kama baraza, kwa kumwonea huruma Mwalimu, liliyapita haraka.

KARANI: Ninyi mnazungumza karatasi moja kwa mtu mmoja. Kazi yangu siyo hiyo. Tangu Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilipoandikishwa mwaka 1954, mkulima wa mlimani huleta kahawa yake kidogo kidogo: leo kilo kumi na mbili, wiki ijayo thelathini, na kila mzani una stakabadhi yake. Mwisho wa msimu nataka hati inayomwonyesha kila mkulima mizani yake yote, na chini yake jumla. Kisha jumla ya kijiji. Kisha jumla ya chama cha msingi. Kisha jumla ya msimu. Na kila ukurasa uanze kwa kichwa kile kile cha safu, na jumla ya mkulima isikimbilie ukurasa wa pili ikawaacha watu wake nyuma. Hati za namna hii zilitafutiwa dawa zamani: IBM ilikuwa na lugha ya kuzalisha ripoti, RPG, tangu mwaka 1959, enzi za kadi za matundu. Siku hizi kuna wasanifu wa ripoti, kama Crystal Reports, au JasperReports iliyoanzishwa na Mromania Teodor Danciu mwaka 2001 na ambayo kiini chake ni bure. Unapanga tabaka: hili la kichwa cha ukurasa, hili la mstari wa mkulima, hili la jumla ya kundi, nayo yenyewe inajua lini kundi limekwisha. Kijana ataniambia kwamba anaweza kuziandika hesabu hizo mwenyewe. Anaweza. Lakini nimeona jumla za vijana wanaoweza, na nimeona wakulima wakizikataa.

KIJANA: Crystal Reports, Bwana Karani, imeuzwa kutoka mkono hadi mkono kama ng'ombe mgonjwa: Seagate waliichukua, ikaenda kwa Business Objects, na mwisho SAP wakamnunua mnunuzi. Kila mwenye mali mpya ana bei yake na ratiba yake.

KARANI: Na zako za bure je? Si wewe uliyeniwekea wkhtmltopdf ya kugeuza kurasa zako kuwa PDF, na mwaka 2023 wenyewe wakaifunga hazina ya msimbo wake wakasema hawaendelei tena?

Kijana akainamisha kichwa akacheka, akakubali kwamba pigo limefika. Akaeleza kuwa ndiyo maana sasa hutumia kivinjari chenyewe, kwa kuwa kivinjari hakiwezi kuachwa na dunia nzima kwa siku moja, na kwamba ile hazina ilipofungwa alihamisha violezo vyake kwa siku mbili tu, maana viliandikwa katika lugha ya wote wala si katika lugha ya chombo. Hoja hiyo Karani hakuijibu, akaenda kwa nyingine.

KARANI: Fauka ya hayo kuna Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya bidhaa zitokanazo na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, inataka kahawa iambatane na mahali pa shamba lilikovunwa, kwa namba za latitudo na longitudo. Na shamba likizidi hekta nne, inataka mpaka wake wote. Wakulima wetu wa mlima Masaba aghalabu hawafiki hata robo ya kipimo hicho, kwa hiyo nukta moja inatosha kwa kila shamba. Lakini kontena moja la kahawa lina mashamba mengi ajabu, na kila moja ni mstari wa daftari. Mwandishi gani atazinakili namba hizo kwa mkono, tarakimu sita baada ya nukta, asikosee? Na hapo hapo Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa, iliyoundwa mwaka 1991, ikaondolewa kwa sheria ya mwaka 2024, kazi zake zikahamia Wizara ya Kilimo. Nilikuwa na fomu zenye jina la Mamlaka juu yake. Nilizigusa mahali pamoja. Kwa hilo, Kijana, nakushukuru. Ni wewe uliyenifundisha.

SHEIKH: Mimi nina mawili, nami nitayasema kwa ufupi kwa sababu isha inakaribia. La kwanza: vyeti vya madrasa yangu vina safu ya Kiarabu kuliani na ya Kiingereza kushotoni. Mtu mmoja alinichapia kwa programu yake, herufi za Kiarabu zikatoka zimeachana kama ndugu waliogombania urithi, kila moja peke yake, na neno likasomeka kutoka nyuma. Jina la Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, likawa halisomeki. Nilizichoma karatasi zile kwa mikono yangu. Nauliza: katika vyombo hivi ni kipi kinachojua kuandika Kiarabu?

KIJANA: Kivinjari kinajua, Sheikh, bila ya kufundishwa, mradi kiolezo kitaje kwamba sehemu ile inakwenda kulia kuelekea kushoto. Word inajua. TeX ya asili haikujua, lakini nduguze wadogo, XeTeX na LuaTeX, wanajua.

MHADHIRI: Nathibitisha.

KARANI: Jasper inajua nusu nusu, inategemea khati uliyoipa.

SHEIKH: La pili ni amana. Nimesikia kuna huduma za mbali ambazo unazipelekea daftari lote la watoto, nazo zikakurudishia vyeti vimepambwa. Majina yale, namba za simu za mama zao, alama zao, yanalala wapi usiku?

Hapa hakuna aliyecheka. Mwalimu alikumbusha kwamba Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na kwamba mkuu wake wa shule hajawahi kuiona. Kijana akasema ndiyo maana yeye hupenda chombo kinachokaa ndani ya kompyuta ya ofisi na kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Mimi nadhani Sheikh angestahili jibu refu kuliko hilo, lakini kahawa ya pili ilikuwa imeletwa.

MWALIMU: Jamaa, mmenipa elimu, nami nimechoka zaidi kuliko nilivyokuja. Kesho nina zaidi ya watoto mia sita.

MPIGA CHAPA: Basi tusihukumu kwa maneno. Katika matbaa, kazi mpya hujaribiwa kwa ukurasa mgumu kuliko yote, siyo kwa ule mwepesi. Mwalimu, chagua mistari mitatu katika daftari lako: mtoto mwenye jina refu kupita wote, yule msichana wa kemia, na mtoto mwenye masomo mengi kupita wote. Na Sheikh atie mmoja wa kwake mwenye jina la Kiarabu. Chapeni hiyo minne kwa kila chombo, hapa hapa.

Nayo ilifanyika. Umeme ulikatika mara moja katikati, printa ya dukani jirani ikangojwa, walakini kabla ya saa nne karatasi zilikuwa juu ya mkeka. Ile njia ya Word ilimpa jina refu mistari miwili, jedwali likashuka, sahihi ya mkuu wa shule ikakaa peke yake juu ya ukurasa wa pili. Na msichana wa kemia akapata sifuri tena, kwa kuwa mle katika jedwali la Excel chumba chake kilikuwa kitupu na fomula ya Mwalimu haikutofautisha kitupu na sifuri. LaTeX ya Mhadhiri ilitoa ukurasa mzuri kuliko yote. Mzee aliunyanyua kwenye taa ya simu akautazama kwa muda mrefu, akasema nafasi baina ya herufi zimepimwa na mtu anayemcha Mungu. Lakini mtoto wa nne, wa Sheikh, ambaye mzazi wake aliandikwa kwa alama ya &, alikataa kabisa, Mhadhiri akatumia robo saa akitafuta amri. Wa Karani ulitoka sawa, mpangilio mkavu kama hati ya forodha, ila jina la Kiarabu likakosa khati na mahali pake pakawa na visanduku vitupu. Wa Kijana ulikata jedwali katikati ya somo la kumi na moja, naye akaongeza sharti moja katika kiolezo linalokataza jedwali kukatwa, akachapa tena, ikakaa.

Na msichana wa kemia? Katika cha Kijana alitoka na mstari mfupi mahali pa alama, na chini yake maneno "hakufanya mtihani". Mwalimu aliuliza chombo kilijuaje. Kijana akajibu kwamba chombo hakikujua kitu. Ni yeye aliyekwenda katika daftari, akaandika neno mahali palipokuwa patupu, kisha akakiambia kiolezo la kufanya kinapokutana na neno hilo.

Hapo nikaona, mimi niliyekuwa kimya, ni wapi baraza lilikuwa likikosea. Tulikuwa tumeshindanisha vyombo kana kwamba ndivyo vyenye akili, ilhali matatu kati ya makosa manne ya Mwalimu, yaani simu isiyo na sifuri, tarehe iliyopinduka na mtihani usiofanywa, yalizaliwa baina ya daftari na mlango wa chombo, na chombo chochote kingeyachapa kwa uaminifu ule ule, kwa khati nzuri zaidi au mbaya zaidi. Namba ya simu si hesabu. Haijumlishwi wala haigawanywi, basi iandikwe kama neno. Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, nayo haitapinduka. Kitupu kisiachwe kitupu, kipewe jina lake. Aliyefanya hayo matatu anaweza kununua, kukopa au kuokota chombo apendacho, na akichoka nacho akahama asidhurike. Asiyeyafanya atahama kutoka chombo hadi chombo kama mgonjwa anayebadilisha kitanda.

MPIGA CHAPA: Umesema vyema, Mwandishi, lakini swali langu bado mmelikalia. Niwape kisa. Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, kuchapisha fomu zao za ada. Walikuwa na PDF nzuri sana. Nikawaambia nipeni chanzo chake, ada imebadilika, nisahihishe. Wakatazamana. Aliyeitengeneza alikuwa amekwenda Dubai, kompyuta yake akaondoka nayo. PDF ni kama karatasi iliyokwisha chapwa, imetengenezwa isiguswe. Miaka miwili ofisi ile ilifuta ada ya zamani kwa wino mweupe, wakaandika mpya kwa kalamu, fomu moja moja. Nami naijua thamani ya karatasi pia: mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo, sanduku langu la prufu za miaka thelathini liligeuka uji. Kwa hiyo sisemi muweke karatasi tu, wala sisemi muweke kompyuta tu.

KIJANA: Babu, ndiyo sababu PDF ina aina yake ya hazina, PDF/A, ambayo ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2005, inayobeba herufi zake zote ndani ili hata baada ya miaka mingi ifunguke vile vile.

MPIGA CHAPA: Hiyo ni ya kuhifadhi maiti. Mimi nauliza mkunga.

Kwa kuwa nimetakiwa kutoa hukumu, naitoa. Kwa ripoti za shule, cheti cha madrasa na barua za mtu mmoja mmoja, namfuata Kijana, si kwa uzuri wa ukurasa wake, bali kwa sababu Kiarabu kinakaa, chombo ni bure, daftari halitoki ofisini, na wanaoijua lugha yake ya HTML katika Mbale na Jinja ni wengi kuliko wanaojua zote nyingine zikijumlishwa. Kwa hati za Karani zenye jumla ndani ya jumla, Karani abaki na msanifu wake wa ripoti, atafute khati ya Kiarabu tu. LaTeX nawaachia watu wa hisabati na wote wenye wakati. Ni bora kuliko zote na si ya ofisi ya shule. Ile njia ya Word naikubali kwa barua thelathini za mwaliko wa harusi, zaidi ya hapo ni kujitafutia fedheha.

Mwalimu alikubali. Usiku ule ule Kijana aliandika jina la jiji mara moja, juu ya kiolezo kimoja, na asubuhi ripoti zote za shule zikatoka zikiwa katika mji mmoja. Mzee Mpiga Chapa aliweka sharti lake, nalo likaandikwa: kiolezo na maelezo yake vichapwe vitiwe katika jalada la ofisi, nakala ya pili ikae nyumba nyingine mbali na mto, na juu ya jalada yaandikwe majina ya watu wawili wanaoweza kukitengeneza. Jina la kwanza ni la Kijana. Nafasi ya jina la pili, hadi ninapoyaandika haya, bado iko wazi.